Swali Nisilomuuliza Akiru

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya Lodwar, Mkuu wa Maabara alinipokonya sindano mkononi. "Dada, andika jina kwenye chupa kwanza, ndipo umtoboe mtu!" Alikuwa mkali huyo mzee, wacha tu, lakini nilimshukuru miaka yote niliyofanya kazi.

Baadaye nilihamishiwa Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, na huko ndiko utafiti wa saratani ulikonikuta. Daktari wa upasuaji aliyeuongoza alitaka kujua kwa nini wagonjwa wawili wakatwe uvimbe wa aina moja, na mkono wa daktari yuleyule, kisha mmoja apone na mwingine ugonjwa umrudie. Sehemu ya jibu, alisema, huenda imo katika jeni za kinga, yaani maagizo tunayorithi kwa baba na mama, yanayouongoza mwili kupigana na maradhi. Kwa hiyo tulichukua damu ya mgonjwa na ya ndugu yake wa baba na mama mmoja, tukazilinganisha.

Kambini nilikuwa mwangalifu kupita kiasi. Awe wa Sudan Kusini, awe Mkongo, wote niliwauliza: "Baba mmoja? Mama mmoja?" Wengine walinicheka. "Mama, wewe ni polisi?"

Niliporudishwa Lodwar, utafiti ukiwa bado unaendelea, akaja Akiru, mwanamke wa kijiji cha Kaaleng mwenye uvimbe kwenye titi. "Ejok," nikamsalimu, tukapiga gumzo kwa Kiturkana mpaka hofu ikampungua. Alikuja na mwanamume aitwaye Ekal. "Huyu ni ndugu yangu." Nikaandika ndugu. Mturkana mwenzangu, nimuulize nini tena?

Upasuaji ulienda vizuri. Akiru alitaka kujua jambo moja tu: kama binti yake angerithi kinga dhaifu. Daktari alimwonya kwamba utafiti ungempa fununu tu, lakini kila siku ya kliniki aliniuliza, "Majibu yametoka?"

Yalipotoka, daktari aliniita. "Mama, hawa wawili si ndugu. Umechanganya chupa?"

Lo! Chupa sikuchanganya; nilipomuuliza Ekal, ndipo nikaelewa. Akiru alizaliwa kabla ya mama yake kutolewa mahari, na kwetu mtoto kama huyo ni wa boma la babu yake mzaa mama, huhesabiwa kama mwanawe. Ekal alikuwa mdogo wa mama yake: kwa damu mjomba, kwa desturi ndugu. Mila hiyo naijua tangu utotoni, na bado sikuuliza. Ndugu mwingine Akiru hakuwa naye, basi daktari akamwondoa kwenye utafiti.

Nilimweleza mwenyewe, uso kwa uso. "Nimekosa, dada yangu. Jibu la binti yako sina."

"Ekal ni ndugu yangu," akasema. "Nendeni mkaiulize upya hiyo mashine yenu." Akajifunga shuka lake, akaenda zake. Kliniki iliyofuata hakuja, wala ile ya baada yake.

Sasa nimestaafu. Vijana wa maabara mna mashine nzuri kuliko zetu, nami nawaonea fahari. Ila mtu wa kwenu mwulizeni kama mnavyomwuliza mgeni. Kazi naikumbuka, lakini Akiru namkumbuka zaidi, hadi moyo unauma. Nikikutana na mtu wa Kaaleng sokoni, humuuliza kama amemwona. Wengi hawamjui. Damu yake siitaki tena. Nataka aje tu, akiwa mzima, hata kama ni kunitukana.