Mzee wa York Aliyenikatalia Salamu

Wasomaji, wa kucheka mcheke, aibu yangu imeshapoa. Soko la kokoa lilipofunguliwa nilipata nauli ya kwenda Uingereza kwa binamu yangu Tusajigwe, aliyekuwa akisoma huko. Tukazunguka miji ya kale na mabegi mgongoni, tukilala mabweni ya bei rahisi na kujipikia mchele wangu wa Kyela.

Kule York tukaingia nyumba moja ya zamani sana. Tusajigwe alibaki mlangoni akilipa kiingilio. Mimi nikadhani anasalimiana na wenye nyumba, nikatangulia ndani. Kando ya meko alikaa mzee mwenye kofia, ameinamisha macho. Nikamsalimia kwa Kiingereza. Kimya. Nikajilaumu: binti mzima wa Ipyana, kule kwetu Kyela, namsalimia mzee nimesimama wima! Nikapiga magoti na begi langu mgongoni. "Ndaga, tata," nikamwamkia baba wa watu kwa Kinyakyusa, kwa unyenyekevu. Kimya. Basi amekasirika, nikawaza, tumekuja kwake mikono mitupu. Nikatoa mchele uliobaki, chakula chetu cha jioni, nikauweka miguuni pake.

Tusajigwe akanikuta hapo. "Dada, unafanya nini?"

"Piga magoti na wewe. Huyu baba amenuna."

Mara akaja mama mmoja na kitambaa. Akamvua mzee kofia, kisha akamng'oa kichwa na kuanza kukipangusa vumbi.

Sanamu ya nta. Nikashusha pumzi, wasomaji. Kumbe hakuwa amenuna, na mchele ulikuwa bado wetu.