Kiuno cha Msoma Risala

Habari ziwafikie mashangazi, wajomba, majirani wa mbele na wa nyuma, pamoja na wateja wote ambao nguo zao bado hazijamalizika: familia ya Mama Fundi inasikitika kutangaza kutoweka kwa akili za binti yao kifunguamimba, kulikotokea ghafla, mchana kweupe, akiwa kazini, futi ya kupimia mkononi. Akili hizo zimeacha mama mmoja, mdogo mmoja na suruali moja ya kijivu.

Kabla ya msiba huo binti alikuwa mtu wa kuogopwa. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia na pazia la kujaribia nguo. Mama alishona. Yeye alikata. Mdogo wake, kitindamimba, alifanya yaliyobaki: vifungo, pindo, pasi na umbea. Kati ya kifunguamimba na kitindamimba hapakuwa na mtoto mwingine, kwa hiyo ugomvi wao haukuwa na refa.

Mwaka huo kitindamimba alikuwa ameanza kupenda. Alipenda kama mtu anayeonja mchuzi, kidogo hapa, kidogo pale. Alimpenda mpiga kinanda wa kwaya, akampenda muuza vocha, akampenda mtu aliyepita na baiskeli ambaye hata uso hakumwona. Kila mara dada yake alimpa mhadhara bila kuinua macho kutoka kwenye mkasi.

"Mvulana ni mteja. Anapimwa, anashonewa, anaondoka. Ukianza kumuota utaharibu kitambaa cha watu."

"Na wewe hujawahi hata kidogo, dada?"

"Nina kazi mimi."

Ndipo akaingia mwanafunzi wa mtaa wa pili, mrefu, mpole, masikio yamesimama kama ya mtu aliyesikia anaitwa. Shule yake ilikuwa imemchagua kusoma risala siku ya mahafali, na alihitaji suruali ya kijivu. Kifunguamimba akamzungushia futi kiunoni, akasoma namba, namba ikaruka. Yeye, aliyehifadhi viuno vya mtaa mzima kichwani, akapima tena. Ikaruka tena.

"Kuna tatizo?" kijana akauliza.

"Kiuno chako hakitulii."

Mama akaacha kukanyaga cherehani. Akamtazama binti yake, kisha akaendelea kushona.

Suruali ilitoka nzuri ajabu. Hapo kifunguamimba akaona hatari: ikimkaa sawa, mwenyewe hatarudi. Mama alipokwenda sokoni, binti akachukua wembe, akafumua mshono wa nyuma, akapunguza kiuno kwa upana wa kidole. Kidole tu. Kijana atajaribu, atabanwa, atairudisha irekebishwe. Nani amekufa?

Asichojua ni kwamba kitindamimba naye alikuwa amemwona yule kijana, na safari hii hakuonja, alipakua sahani nzima. Alipobaki peke yake na pasi, akawaza yaleyale aliyowaza dada yake, maana wamenyonya ziwa moja. Akapunguza kidole chake, ubavuni.

Kijana akaja kujaribu. Nyuma ya pazia zikasikika pumzi.

"Haifungi," akasema. "Labda nimenenepa?"

"Kidogo," wakajibu dada wote wawili kwa pamoja, kila mmoja akamshangaa mwenzake.

Kijana wa watu akaichukulia kama amri ya daktari. Akaanza kukimbia kila asubuhi, akasusa chakula cha jioni. Njia yake ilipita mbele ya dirisha lao, na dirisha hilo halijawahi kufutwa vile tangu nyumba ijengwe. Akirudi kujaribu, mambo ni yaleyale, kwa kuwa kila fundi, kwa siri, alikuwa amekwisha kupunguza tena upande wake. Mashavu yakamwingia ndani.

Siku ya mahafali ilipokaribia, huruma ikawaingia. Kifunguamimba aliiona suruali ikipasuka mbele ya mgeni rasmi, na usingizi ukamkimbia. Kwa siri akaachia mshono wa nyuma, vidole viwili vizima. Kwa siri vilevile, kitindamimba akaachia ubavuni, viwili. Kijana akaichukua mbio asubuhi ya sherehe, bila kuijaribu.

Wakamwona wote watatu, mama na mabinti, wamekaa benchi la nyuma. Akapanda jukwaani. Akasema, "Mheshimiwa mgeni rasmi," na suruali ikaanza kushuka. Akaidaka kwa mkono wa kushoto. Kila alipohitaji kugeuza ukurasa alibana magoti, akageuza, akadaka tena. Mama mmoja wa mbele akafuta machozi. "Masikini," akasema, "uchungu wa kuachana na walimu umemshika tumbo."

"Dada," kitindamimba akanong'ona, "mimi niliongeza vidole viwili."

"Wapi?"

"Ubavuni. Kwa sababu mwanzoni nilipunguza. Nilitaka arudi."

Dada mtu akatazama jukwaa. Huko ukurasa ulikuwa unageuzwa.

"Mimi nilipitia nyuma," akasema.

Kitindamimba akachelewa kidogo kuelewa, kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Wewe? Si ulisema mvulana ni mteja?"

"Ni mteja. Ndiyo maana alikuwa anarudi."

"Nyamazeni," mama akasema, macho mbele. "Mishono yenu niliiona zamani. Nilijua mtarekebisha. Sikujua mtarekebisha wote."

Njiani kurudi nyumbani kitindamimba akamshika dada yake mkono. "Kesho akija mwambie ukweli. Mimi nimekuachia. Bado nina yule wa baiskeli."

Kesho yake kifunguamimba akavaa gauni la bluu, akasimama mbele ya kioo akijifunza maneno: nilikuwa nataka urudi. Akayasema kwa upole, akayasema kwa kujiamini, akayasema akicheka kidogo. Mdogo wake akaidhinisha lile la kucheka kidogo.

Kijana akatokea mlangoni, suruali imekunjwa kwapani. Alimwona binti aliyempita umri kwa mwaka mmoja tu, lakini futi shingoni, mkasi mkononi. Akavua kofia, akainama.

"Shikamoo, dada."

Mguu wa mama ukakwama kwenye cherehani. Kitindamimba akauma uzi usiohitaji kukatwa. Yapo maneno ambayo moyo wenye njaa unaweza kuyageuza yakawa mapenzi. Shikamoo haina rufaa.

"Samahani, nimekonda tena," kijana akaendelea. "Mwili wangu unawasumbua sana. Mama yangu anasema nikushukuru, umenivumilia kama dada yangu wa tumbo moja."

Kifunguamimba akafungua mdomo. Hotuba yote ilikuwa pale, na kicheko chake. Akavuta futi shingoni taratibu.

"Marahaba," akasema. "Inua mikono."