Bolti Zilizooshwa

Mimi ni mwepesi wa hasira, na kikao kirefu baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, hunimalizia subira yote. Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi tulizibua mtaro wa Niboye tangu asubuhi, kisha watu wakaanza kubishana nani anamwaga taka wapi. Nilisimama na jembe mkononi, roho yangu iko gereji. Ng'ambo ya mtaro alisimama dereva mmoja wa mtaani kwetu. Hakunisalimia, na hilo nalo liliniudhi, ingawa sababu niliijua.

Dereva huyo alikuwa akiendesha pikapu ya mama mmoja wa Gahanga anayepeleka maziwa Kibagabaga. Tuliifunga injini yake upya, na wiki tatu hazikuisha ikaanza kugonga. Nilipoifungua nikakuta bolti mbili za biyele zimelegea. Biyele ni ile mikono inayoshika pistoni na kuzungusha shafti kuu; ikiachia, injini imekwisha. Nikamwambia yule mama, bila kupepesa macho, kwamba dereva wake anaikaba injini mlimani kwa mzigo. Akamfukuza siku hiyohiyo. Dereva alikuja gereji kuniuliza nimeona nini hasa. Nikamjibu kwamba nina kazi.

Sasa tulikuwa tunaifunga mara ya pili, kwa bolti mpya. Ijumaa jioni nilizipaka oili zote nane, kwenye nyuzi na chini ya vichwa, nikazifunika kwa kitambaa safi. Kazi ya kukaza ilikuwa ya mzee wetu, fundi aliyekulia Bujumbura na kufanya kazi na marehemu baba yangu kabla yangu.

Kikao kilipokwisha nilikwenda gereji karibu nikikimbia. Mzee alikuwa ameshatangulia, amekaa, anakunywa chai.

"Umuganda ya kwetu iliisha mapema, mwanangu," akasema. "Biyele yote nimekaza. Nimetumia ile spana yako ya kipimo."

Nilianza kumshukuru. Kisha nikaona kopo la petroli mezani, na kitambaa changu kimeloa oili.

"Mzee, umeziosha bolti?"

"Niliosha, nikapanguza mpaka zikakauka. Bolti iko na mafuta itaregea tu."

Damu ilinichemka. Nilimfokea mtu aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, tena kwa sauti iliyowafanya wapita njia wageuke kutazama. Nilimwambia kwamba spana ile haijui bolti imekaza kiasi gani; inachojua ni ugumu wa kuzungusha. Bolti kavu inajisugua, inakuwa ngumu mapema, spana inalia "ka!" na wewe unafurahi, kumbe bolti haijavutika na haijabana kitu. Kitabu cha injini kimesema namba tunayoipanga kwenye spana ni ya bolti yenye oili ya injini. Si kavu, wala si ile grisi nyeusi inayoteleza mno, maana hiyo nayo itakufanya uivute bolti kupita kiasi.

Mzee aliweka kikombe chini. Hakupandisha sauti. Alinyoosha kidole ukutani, penye karatasi niliyoibandika mwenyewe kwa herufi kubwa: KILA KITU KIOSHWE NA KIKAUSHWE KABLA YA KUFUNGWA.

"Ni wewe uliandika," akasema. "Ulinigombeza sababu ya mchanga ndani ya injini, mbele ya watu. Tangu siku ile naosha."

Niliigeukia injini iliyokuwa mbele yetu.

"Na mara ya kwanza? Pikapu hiihii?"

"Nayo niliosha. Niliona oili, nikajua umesahau sheria yako."

Miaka yote nilimpa namba na amri, sababu nikabaki nayo mwenyewe kama mali ya urithi. Tulizilegeza zote, tukazipaka oili upya. Mzee akakaza kwa zamu, taratibu. Kwenye bolti ya kwanza spana ilipita pale alipozoea, ikaendelea, ndipo ikalia. Akaitoa, akaitazama.

"Kumbe inafika huku," akasema polepole. "Ungeniambia, mwanangu."

Nilitoka nje nikampigia mama wa maziwa. Nikamwambia dereva wake hakukosa, kosa lilikuwa letu.

"Ariko, lakini wewe!" akasema. "Mimi nilimufukuza mbele ya watoto wake. Gari itapona lini?"

"Jumatatu, mama."

"Basi funguo usiniletee mimi. Mupelekee yeye, leo. Na uongee wewe, kwa mudomo yako."

Nilinawa, ingawa oili haikutoka kwenye kucha. Njia nzima nilikuwa nikitunga maneno na kuyachukia. Nyumba ya dereva iko hatua chache kutoka kwenye ule mtaro, nami sikuwahi kukanyaga pale. Nilimkuta uani anasugua matope kwenye jembe. Nilimsalimia mimi kwanza, nikamnyooshea funguo, nikasema kwamba pikapu haikuharibiwa na yeye.

Hakuzipokea. Alilaza jembe chini, akanikazia macho, akaniuliza swali lake lilelile:

"Uliona nini hasa?"