Sindano za Mtu Mmoja

Miaka tisa tumbo langu lilikuwa la watu wote isipokuwa mimi. Bulla Pesa nzima, mtaa wetu wa Isiolo, ilikuwa na la kusema juu yake. Mkunga alilikanda kwa mafuta ya ngamia kama anayekanda unga wa chapati. Sheikh aliniandikia kombe, aya za kuoshwa na kunywewa, nikanywa maji ya zafarani mpaka nikachukia hata harufu ya pilau. Jirani Mmeru aliyeuza miraa sokoni aliniletea mizizi ya kuchemsha, nikaichemsha. Sikuamini hata kimoja, lakini ukikataa dawa wanasema hutaki mtoto. Nilichoka, jamani. Nilichoka mpaka hata kulalamika kukanishinda.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, barabara ya Marsabit mpaka Moyale. Alikuja nyumbani kama mgeni: siku nne hapa, wiki mbili huko. Tuliishi kwenye ploti ya mama yake, ambaye sote tulimwita Hooyo, yaani mama kwa Kisomali. Hooyo hakuwa mtu mbaya. Alinipenda, na ndiyo maana kila mwezi aliponiona nimeloweka vitambaa kwenye karai aliguna kama aliyejikwaa. "Bado tu?" Nami najibu, "Bado, Hooyo." Kisha tunaendelea kuchagua mchele.

Miaka ya themanini ilipoanza nikasema liwalo na liwe. Nikaenda peke yangu hospitali ya misheni huko juu milimani, kwenye baridi. Wakanilaza juu ya meza ya eksirei, wakanitia dawa ya rangi kwa chini ili waone inapita wapi. Uchungu wake sitaki kuueleza. Daktari, mama wa makamo, aliinua picha dirishani akanionyesha: rangi imeingia kwenye kizazi, ikasimama pale pale, kulia na kushoto. Mirija yote miwili imeziba, akasema, yai halina njia, na kuizibua hapa hatuwezi.

Akaniuliza kama nimewahi kuumwa sana na tumbo la chini. Nikakumbuka mwaka wa pili wa ndoa: homa, uchafu unanitoka, wiki tatu siwezi kusimama wima. Nyumbani walisema baridi imeniingia.

"Na mzee wako, wakati huo alikuwa mzima?"

Nikamwambia alikuwa na malaria. Mzee dresa, yule mdunga sindano wa mtaani, alikuja kumdunga siku tano, na sindano nilichemsha mimi mwenyewe kwenye sufuria. Dawa ilikuwa penisilini. Nilijua kwa sababu kichupa kimoja nilikiosha nikawa natilia wanja, na nilisoma hadi darasa la nne, jina lake nililisoma.

Daktari akaiweka picha chini. "Malaria haitibiwi kwa penisilini, mama. Huo ulikuwa kisonono. Yeye alitibiwa. Wewe hukutibiwa."

Niliposhuka Isiolo nilipitia kwa dresa kabla ya kufika nyumbani. Alikuwa mzee mstaafu wa jeshi, mwenye adabu, hata macho hakuniinulia. "Sasa mwanangu, ningekuambiaje?" akasema. "Wewe ni mke wa mtu. Mume akisema tuite malaria, ni malaria. Nilikuheshimu." Heshima! Nilitaka kumtukana matusi yote ya stendi. Nikamwambia asante, nikaenda kupika. Mume wangu nilipomwuliza, alisema hospitali za milimani zina maneno mengi, akatoka kukagua magurudumu.

Hooyo nilimwambia tu kwamba mirija imeziba. Alilia kidogo, akanishika mkono. Haukupita mwaka akaja chumbani kwangu, akakaa kitandani, akaniambia kwa upole kwamba kuna binti wa mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini, msichana wa miaka ishirini na kitu, anashona nguo barazani kwa baba yake, ana tabia nzuri. Nikamjibu, sawa. Ningesema nini? Nilikuwa nimeshakata tamaa siku nyingi, na huyo binti hakunikosea kitu.

Zikabaki wiki mbili kabla ya arusi. Mume wangu akarudi safari, na asubuhi nikamkuta nyuma ya nyumba anafua kikoi chake mwenyewe. Mwanamume ambaye hajawahi kujichotea hata maji ya kunawa! Nikasimama pale na ndoo yangu. Alipoingia chooni nilimsikia anavyougulia akikojoa.

Siku tatu nilikaa na jambo hilo. Wallahi, kuna siku nilijiambia, acha huyo binti naye aonje. Mbona mimi hakuna aliyeniambia? Halafu nikampita yule binti barazani kwao, uzi kinywani, akaniamkia vizuri, "Salaam aleikum, dada," na akainuka kunipa kiti. Nilirudi nyumbani na hasira zote, na hasira nyingine ni za kwamba sasa nitalazimika kusema.

Nikamwambia Hooyo yote. Sindano, kichupa, picha, kikoi. Na hapo nilikuwa namweleza mama juu ya uchi wa mwanawe. Nilingoja anifukuze.

Hakunifukuza. Tasbihi ilisimama mkononi mwake. "Mimi nilizaa huyu mmoja tu," akasema. "Baba yake alirudi kutoka jeshini, na yeye akadungwa. Waliniambia ni malaria. Mimi tumbo likaniuma mwezi mzima, na sikushika mimba tena. Watu wakasema ni jicho." Akanitazama kama ananiona mara ya kwanza. "Miaka yote hiyo, jicho."

Akajitanda shuka lake, akaenda mwenyewe kwa dresa. Arusi ikaahirishwa mwezi mmoja, eti mguu wa Hooyo unauma. Mume wangu alidungwa chumbani kwa mama yake, mlango umefungwa, na baada yake nikaitwa mimi. Miaka tisa baadaye ndipo nami nikapata sindano yangu. Yeye hakuniangalia usoni, nami sikuwa na nguvu ya kumtaka aniangalie.

Binti akaolewa. Mwaka haukuisha akajifungua mtoto wa kike, mnene, mwenye sauti. Siku ya saba tukachinja, wanawake wakajaa uani. Nilikuwa nagawa nyama. Jirani mmoja, wale wa mdomo usio na breki, akaniambia watu wote wakisikia, "Basi leo imejulikana, dada. Kumbe shida ilikuwa kwako. Mume wenu mzima kabisa."

Nikamtazama Hooyo. Alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu, mjukuu mapajani. Sikutaka ataje ugonjwa. Angesema tu, "Mwacheni." Neno moja lingenitosha mpaka kaburini. Akainamisha uso, akawa anamvuta mtoto kofia vizuri masikioni, kofia ambayo ilikuwa imekaa sawa.

"Ni kweli," nikasema. "Shida ilikuwa kwangu."

Nikainua sinia ya nyama, nikamgawia yule jirani kwanza.