Kaburi la Kuazima

Baba mkubwa wangu aliuza shamba lenye kaburi la baba yake, kisha akaenda kutafuta baba mwingine kwenye makaburi ya kanisa. Nayasema haya mapema ili mtu asije akamhurumia. Mimi nilijaribu kumhurumia, nikashindwa.

Tuliishi mjini, mtaa wa Makongeni, katika nyumba za reli, sisi upande huu wa ukuta na yeye upande ule. Baba yangu alikuwa ameshafariki. Baba mkubwa alikuwa karani, mtu wa suruali iliyonyooshwa kwa pasi hadi ikaweza kusimama peke yake, na kanisani alikaa viti vya mbele hata siku ambayo mwenye kiti ameenda msalani tu. Miaka ya tisini ilipofika katikati, kanisa letu la mtaani lilianza kutafuta wazee wapya, na ghafla ikawa fahari kubwa kutoka katika ukoo wa Wakristo wa kwanza kule Ukambani. Waliokuwa na babu mwinjilisti walimtaja hata wakiombea chai. Baba mkubwa hakuwa na mwinjilisti wa kumtaja. Babu yangu alikuwa mchonga vinyago. Alibatizwa, akafukuzwa kanisani kwa ajili ya pombe ya miwa, akafa akazikwa shambani kwake chini ya rundo la mawe.

"Tutaandika historia ya ukoo," baba mkubwa alitangaza siku moja nyumbani kwetu, akinywa chai ya mama. "Hawa watoto wanamea hapa kama magugu, hawajui walikotoka. Wewe una mwandiko mzuri. Utakuja tuandike makaburi."

Wakati huo nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya Industrial Area, na kusema kweli nilifurahi. Hakuna aliyewahi kuniomba niandike kitu kisichokuwa barua ya bosi.

Tulipanda basi la Ukambani Jumamosi, yeye, mimi na shangazi, dada mdogo wa baba na baba mkubwa, aliyeuza mboga Jogoo Road. Makaburi yalikuwa nyuma ya kanisa la mawe, yamezungushiwa ua wa manyara uliojaa mapengo, na mbuzi walikuwa wakila humo bila wasiwasi. Misalaba ya mbao ilikuwa imeliwa na mchwa. Makaburi machache yalikuwa yamesakafiwa, na majina yake yalikuwa yameandikwa kwa msumari simiti ikiwa bado mbichi, herufi zikipanda na kushuka. Shangazi alisugua kuvu kwa gunzi la mahindi, akanisomea, nami nikaandika. Tulipofika kwenye vijiwe vidogo vya watoto wachanga, ambavyo havikuwa na jina lolote, aliniambia niandike tu kwamba wapo. Ilikuwa kazi nzuri. Nimefanya kazi nyingi tangu siku hiyo, na chache zimenipa utulivu kama ule.

Baba mkubwa hakuinama hata mara moja. Alikuwa kivulini na kamera yake, akilinda viatu visipate vumbi. Kisha tukamsikia akiita.

Alikuwa amesimama kando ya kaburi kubwa kuliko yote, lenye simiti laini na msalaba wa chuma. Jina lililoandikwa pale lilikuwa jina la ubatizo la babu, na chini yake neno Mwinjilisti. Jambo hilo halikuwa la ajabu. Wamishonari waliobatiza kule walikuwa na majina machache na waumini wengi.

"Huyu hapa," alisema. "Baba."

Shangazi alicheka, akidhani ni mzaha. "Baba yupi?"

"Si jina ni hilo hilo?"

"Hilo jina hata mwenye kinu cha posho analo! Baba tulimzika sisi kwa mikono hii. Wewe ulifika tumeshamaliza, ukauliza chakula kiko wapi. Na shamba lenyewe umeliuza bila kutuambia."

"Mambo ya shamba si ya leo." Alinikabidhi kamera, akaweka mkono juu ya msalaba, akaufanya uso wake uwe wa yatima. "Piga. Hakikisha msalaba umeingia."

Nikapiga. Kwetu baba mkubwa habishiwi mbele ya kaburi, hata likiwa la watu baki.

Picha hiyo aliitia fremu, akaitundika sebuleni juu ya redio. Kila mgeni alionyeshwa. Kabla ya Krismasi alikuwa mzee wa kanisa.

Mwaka uliofuata ibada ya nyumba kwa nyumba ilifika kwake. Miongoni mwa waliokuja kulikuwa na mama mmoja wa Dandora, aliyeletwa na jirani. Wimbo wa kwanza ulipokwisha, hakuketi. Aliisogelea picha.

"Mzee, samahani. Hili kaburi ni la nani?"

"La marehemu baba yangu, mama. Mwinjilisti."

"Hapana. Hapo amelala babu yangu. Huo msalaba uliouegemea aliuchomelea baba yangu gereji."

Watu wote walitazama vikombe vyao. Mtu mwenye haya angeomba msamaha, au angejifanya kukohoa. Baba mkubwa alifungua mikono yote miwili. "Kumbe sisi ni ndugu! Bwana asifiwe! Mnaona anavyounganisha watu wake?"

Mama yule hakuishika mikono hiyo. "Babu alizaa wana wawili, na wote nawajua," alisema kwa sauti ya chini. "Toa hiyo picha, mzee. Mtu hakosi baba mpaka aibe wa wenzake."

Kisha akaketi, akaimba nasi mpaka mwisho.

Picha ilitoka ukutani kesho yake. Uzee wa kanisa haukutoka. Jumapili iliyofuata niliambiwa mlangoni pa kanisa kwamba kosa lilikuwa langu, eti mimi ndiye niliyechanganya majina nilipokuwa nikiandika. Baba mkubwa alikuwa ameshanisamehe hadharani, nami sikuwepo.

Sikwenda kugombana. Nilimtafuta shangazi, tukapanda basi tena, safari hii mpaka shambani kwa babu. Aliyelinunua alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilitarajia kukuta mahindi juu ya kaburi. Tulikuta mawe yote yapo, yamezungushiwa miiba ili ng'ombe wasiyakanyage.

"Mimi nilinunua udongo," mwalimu alituambia. "Mzee wenu sikumnunua. Njooni wakati wowote."

Shangazi alipiga magoti, akang'oa majani, akilia kidogo na kuongea mengi: jinsi babu alivyomchongea twiga mwenye shingo fupi kwa kuwa mti ulikwisha. Niliandika yote. Mke wa mwalimu akatuletea uji.

Niliporudi Makongeni nilimweleza baba mkubwa tulichokiona. Nilitaka aone haya. Sikuwa na nia nyingine. Alinisikiliza vizuri, ameinamisha kichwa, hata nikafikiri kwamba sasa imemwingia.

"Huyo mwalimu," aliniuliza, "hakutaja kile kipande cha shamba nilichobakiza, cha kule mtoni? Unaonaje, bado anakitaka?"

Nilimwambia akamuulize mwenyewe. Toka siku hiyo nikimwamkia, ni kwa kumheshimu mama tu.