Kisima cha Uzeeni

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo hakunikaribisha hata chai. Alinipa spana akaniteremsha bondeni, chini ya Newala, kwenye pampu inayosukuma maji kupanda mlimani. Jamani, ile ngurumo! Niliipenda papo hapo.

"Binti, kabla ya kuwasha, jaza maji bomba linalovuta kutoka kisimani," alinifokea. "Ikivuta hewa, imekufa. Na ikifa, mji mzima utakuja kukudai maji wewe."

Kazi hiyo ndiyo iliyonipa jina. Huku kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake. Mimi na marehemu mume wangu hatukujaliwa, basi nikawa Mama Pampu, nami nikaitika kwa fahari. Walinihamishia Masasi, kwenye vali za kugawa maji mitaani, kisha wakanirudisha Newala. Huko Mhandisi wa Wilaya, mtu wa Bukoba asiyezunguka maneno, aliniuliza siku moja, "Mama Pampu, ukizeeka nani atakuchotea maji?"

Swali lilinichoma. Huku juu bomba likikauka, maji ni ya kuteremkia bondeni, na mzee asiye na mtoto hubaki na ndoo tupu akisubiri huruma za watu. Kaka yangu wa Lupaso alitaka nikistaafu nihamie kwake. Nampenda kaka, lakini nikae kwenye kona ya nyumba ya watu nikiulizwa kama nimeshiba? Thubutu!

Nikachimbisha kisima uani: shimo kubwa lililosakafiwa kwa saruji, linalokinga mvua ya paa zima la bati. Fundi alidhani nimechanganyikiwa, shimo lote lile la mtu mmoja! Kilipojaa mara ya kwanza nilicheza peke yangu mvuani, nimelowa chapachapa. Kisha nikawaita majirani. Mtachota bure, nikawaambia, ila ndoo ya kwanza iingie jikoni kwangu, na kufuli la mfuniko nitalifungua mwenyewe kila alfajiri.

"Mkilikuta limefungwa, msiondoke. Gongeni."

Wengine walinung'unika kwamba nina roho mbaya, nafungia maji ya Mungu. Nikawaacha waseme.

Mwaka huu malaria ilinilaza hata kichwa sikuweza kuinua. Kulipokucha nikasikia ndoo zikigongana uani, kisha sauti ya Mama Zuhura, jirani aliyenung'unika kuliko wote: "Mama Pampu, hodi! Hodi! Jamani, kufuli la kisima bado limefungwa, vunjeni mlango wa nyumba!"

Wakauvunja mlango wangu mzuri wa mninga. Sijawahi kufurahia hasara kama ile! Ninyi mlio kazini leo, mna watoto au hamna, upangeni uzee wenu mngali na nguvu za kuchimba, na upangeni pamoja na watu.

Hospitalini walikonikimbiza, muuguzi alisimama mlangoni mwa wodi akasema, "Ndugu wa mgonjwa aingie mmoja tu."

Wakaingia wote, na ndoo zao.