Kireno Nyuma ya Ukuta wa Jiko la Mama Mkwe

Niliondoka Mpanda nimenuna. Kiwanda cha mikate nilichokuwa nafanyia kazi kilikuwa kimefungwa, na kaka yangu aliyeko Nampula, Msumbiji, alikuwa amenitafutia kazi ya kuoka huko. Tajiri wa huko angenipigia simu Jumamosi jioni, asikie kama naelewa Kireno cha jikoni. Nikishindwa, nafasi anapewa mwingine. Na mtu pekee niliyemjua aliyewahi kuoka mikate Msumbiji ni mama mkwe wangu, anayekaa Inyonga. Wenye wakwe mmeshaiona balaa yangu.

Ijumaa asubuhi nilipanda basi. Njia nzima vumbi, pori na mizinga ya nyuki juu ya miti, nami moyoni nawaza simu tu.

Inyonga nilipokelewa na shemeji yangu Kulwa. Nikamuuliza, "Shemeji, naweza kuingia jikoni kwa mama?"

"Shemeji, una wazimu? Mkwe aingie jikoni?"

Kwetu mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kumkuta jikoni. Basi nikawekewa kiti uani, nikakodolea ukuta. Mama akawa anafundisha kutoka ndani, kwa sauti. Unga, *farinha*. Hamira, *fermento*. Hayo nilishika. Tukafika kwenye kazi za mikono.

"*Amassar!*" Nikasikia pu, pu, pu. "*Estender! Dobrar!*"

"Ndiyo kufanyaje, mama?"

"Hivi!"

Hivi vipi? Mimi naona tofali! Alisema Msumbiji alifundishwa kwa kuonyeshwa, kueleza kwa mdomo hawezi. Mpaka jua linazama maneno yote matatu yalikuwa yamenichanganyikia, na hasira imenipanda.

Jumamosi asubuhi ukuta ni uleule. Nikaupigia ukuta kelele.

"Mama! Wajukuu zako watakula heshima?"

"Shemeji, chunga mdomo wako!" Kulwa akafoka.

Mara mama mkwe akatoka, khanga imemfunika mpaka kidevuni, kabeba beseni la unga uliokandwa. Akaketi mbele yangu.

"Tazama mikono, mkwe. Uso haukufundishi kitu. Ukiinua macho, nakuchapa."

*Amassar*, mikono ikakanda. *Estender*, ikatandaza. *Dobrar*, ikakunja. Kulwa akaondoka anasonya. Kabla ya saa sita nilikuwa nayasema yote mwenyewe, mikono yangu imejaa unga.

Jioni, nikiwa njiani kurudi Mpanda, simu ikaita. "*E depois de amassar?*" tajiri aliuliza. Baada ya kukanda, je?

"*Estender. Dobrar. Forno*," nikajibu, nikimalizia na tanuri.

Tajiri akacheka. Kaka, aliyekuwa pembeni yake, akapiga kelele, "Njoo, umepata!"

Nikampigia mama mkwe papo hapo. Nilishukuru, lakini ile Ijumaa nzima ilikuwa bado inaniuma.

"Mama, kwa nini jana hukutoka?"

"Jana habari ya jikoni ulimuuliza Kulwa," alisema. "Mimi hukuniuliza."